Wengi Wape, Lakini Wengi Wepi?

Ndugu msomaji, naanza na la nyumbani. Kikundi chetu cha waandishi chipukizi hapa Ngaramtoni kina watu 15. Tulichanga fedha kidogo kidogo mpaka zikafika za kufanyia jambo moja tu. Mapendekezo yakaja matatu: kuchapa kijitabu cha hadithi, kuandaa mchezo wa kuigiza, au kufanya mashindano ya ushairi mashuleni. Tukanyoosha mikono. Kijitabu 6, mchezo 5, mashindano 4. Mwenyekiti akatamka, "Wengi wape!" Nami nikapiga makofi, maana hadithi yangu ilikuwamo katika kijitabu hicho.

Kumbe wenzangu walikuwa na lao moyoni. Dada mmoja akainuka akauliza, "Hao wengi ni wepi? Watu 9 kati ya 15 hatukukitaka kijitabu." Wale wanne wa mashindano nao wakasema waziwazi kwamba, wakikosa lao, heri mchezo kuliko kijitabu. Yaani tungepiga kura ya pili kati ya yale mawili yaliyoongoza, mchezo ungeshinda kwa 9 dhidi ya 6! Watu ni wale wale na mawazo yao ni yale yale, ila namna ya kuhesabu tu ndiyo ingebadilika. Wawili wamekwisha kujitoa kikundini.

Swali la dada yule lilininyima usingizi, nikalitafuta katika historia. Sikwenda mbali. Nililikuta upande wa pili wa mlima wetu, kwa majirani zetu Wameru.

Mwaka 1951 Waingereza waliitawala Tanganyika chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Kwa kufuata mapendekezo ya Jaji Mark Wilson ya mwaka 1947, serikali iliamua kuwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakakataa. Novemba mwaka huo askari wakaja, nyumba zikachomwa moto, na watu wapatao 3,000 wakafukuzwa. Eti wahamie Kingori!

Wameru hawakukaa kimya. Walichangishana fedha wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, aende New York kuwasemea, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Hebu fikiri, msomaji: mtoto wa mlimani anasimama mwaka 1952 mbele ya mataifa ya dunia na kuishtaki serikali inayomtawala!

Kamati ya Nne ya Umoja wa Mataifa ilimsikiliza, ikapitisha azimio la kuwaunga mkono Wameru. Katika kamati, wingi wa kawaida unatosha. Lakini azimio lilipaswa kupita pia katika Baraza Kuu, na huko kanuni ni nyingine. Kifungu cha 18 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kinasema mambo mazito, yakiwemo ya udhamini, yaamuliwe kwa theluthi mbili ya wanachama waliopo na wanaopiga kura. Waliowaunga mkono Wameru walikuwa wengi kuliko waliopinga, ila theluthi mbili haikufika. Azimio likaanguka.

Chukua mfano wa wapiga kura 45. Kwa wingi wa kawaida, 23 wameshinda. Kwa theluthi mbili, hata 29 wameshindwa, kwani zinatakiwa 30. Sisemi kanuni hiyo ni mbaya. Inawazuia walio wengi wasikurupuke. Lakini inayalinda mambo yabaki kama yalivyo, na kwa mtu aliyekwisha kuchomewa nyumba, hayo "yalivyo" ni majivu.

Mambo hayakuishia hapo. Miaka 39 baadaye, Februari 1991, Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Walitoa maoni watu zaidi ya 36,000. Takribani asilimia 80 walitaka chama kimoja, na 20 hivi vyama vingi. Kwa "wengi wape" ya mwenyekiti wetu, shauri limekwisha! Tume hata hivyo ilipendekeza vyama vingi. Iliona kwamba asilimia 20 si watu wa kupuuzwa, na kwamba wengi miongoni mwa wale 80 nao walitaka mfumo urekebishwe. Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria.

Nilimsimulia babu yangu haya yote. Akacheka. Akanieleza kwamba kwetu Waarusha, rika zilipokutana chini ya mti hazikuhesabu mikono. Laigwanani alisema, wengine wakajibu, mpaka watu wakafika mahali ambapo hata asiyeridhika aliweza kuishi napo. "Lakini babu, si mlichelewa?" Akajibu, "Tulichelewa, mjukuu wangu. Na wanawake na vijana hawakuulizwa." Basi hata mti ule ulikuwa na walakini wake.

Nilichojifunza ni hiki: kabla ya kuuliza nani anakubali, tuulize kwanza tutahesabuje, na tukubaliane wote wakati hakuna anayejua nani atashinda. Kanuni ikishapangwa, nusu ya matokeo yamekwisha kupangwa.

Jumapili ijayo nitasimama kikundini niombe kura ya pili. Najua mchezo utashinda na hadithi yangu itarudi sandukuni. Iache irudi. Naitaka kijitabuni, lakini nawataka zaidi wale wawili warudi.