Vuga, Vugiri na Picha za Sinema

Katika milima ya Usambara pana mahali pawili ambapo majina yake yakaribiana, wala habari zake si moja. Vuga ni mji wa kale wa wafalme wa Kilindi. Hapo alikaa Kimweri ye Nyumbai, naye Krapf, mmisionari, alifika kwake mwaka wa 1848, akarudi tena mwaka wa 1852. Vugiri iko juu ya Korogwe. Haikuwa mji wa enzi, ila mwaka wa 1935 ilipata sifa ya namna nyingine, kwani palifanywa huko kituo cha kutengeneza picha za sinema kwa ajili ya Waafrika.

Kazi hiyo ilisimamiwa na Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka Marekani, katika shirika la Carnegie. Walioiongoza ni Meja Notcutt na Bwana Latham. Hata ilipokoma mwaka wa 1937, picha 35 zilikuwa zimetengenezwa. Zilifundisha habari za safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, na kuweka akiba posta. Na waliocheza ndani yake ni Waafrika.

Yafaa kujua jinsi zilivyotengenezwa. Picha zilikuwa katika utepe wa upana wa milimita 16, na maneno yalitiwa mbali, katika sahani za santuri. Hivyo utepe mmoja uliweza kusemeshwa kwa Kiswahili huku na kwa lugha nyingine kule. Ni akili njema. Walakini utepe ukitengana na sahani yake huwa bubu.

Katika zile 35, zijulikanazo kuwa zimesalia ni 3 tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza: moja ni ya safura, moja ya wanafunzi wa uganga wa mifugo, moja ya wakulima wa Kingolwira. Hakuna hata moja iliyokusudiwa kueleza habari za Vuga. Wala hatuwalaumu mno, maana nia yao ilikuwa kufundisha mambo mapya. Lakini hebu tuhesabu. Kimweri alifariki mwaka wa 1862. Mtu aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 73 tu kituo kilipofunguliwa. Chombo kilikuwa mlimani, na wazee walikuwa mlimani.

Mengi ya Vuga tunayo kwa sababu Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika Habari za Wakilindi, na misioni ya Magila ikakipiga chapa kitabu hicho. Kalamu yatuambia nani alitawala baada ya nani. Haituonyeshi jinsi mzee anyoshavyo mkono kuelekea mahali palipokuwa nyumba ya mfalme, wala haitusikizishi Kishambaa chake.

Siku hizi simu ya mkononi hushika picha na sauti pamoja, na vijana wetu wanazo. Basi mzee na apigwe picha akiwa amesimama mahali penyewe, aseme lugha yake mwenyewe, asikatizwe. Kisha jina lake, jina la mahali, na tarehe viandikwe katika daftari, na nakala ziwekwe shuleni na kanisani, maana simu huanguka mtoni.