Donati za Bibi na Dhahabu ya Saza

Jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, na baadhi yenu mmeshaniuliza kama nimehamia Bara Hindi. La hasha. Nilikuwa likizo Saza, nyumbani kwa Bibi mzaa mama.

Kwa asiyepajua, Saza ni kata iliyopo Wilaya ya Songwe, katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukisikia waandishi wenzangu wanaitaja Saza, ujue habari ni dhahabu: ama duara limetitia, ama bei imepanda. Leo sitaandika habari ya dhahabu. Nitaandika habari ya donati. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Kisa kilianzia kwa binamu yangu anayesoma Kanada. Aliniletea kwa mkono wa rafiki yake kichupa cha shira ya meipo, ule mti ambao jani lake jekundu limo kwenye bendera ya nchi ile. Shira hiyo hutengenezwa kwa kutoboa mti majira ya baridi yanapoisha na kukinga maji yake. Maji hayo huchemshwa mpaka yawe mazito, na inahitajika kiasi cha lita 40 za maji ya mti kupata lita moja ya shira. Wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini walikuwa wanayajua hayo kabla Mzungu hajafika. Pamoja na chupa akaniandikia na maelekezo: unga wa donati ambao haukaangwi, bali unaokwa kwenye sinia kama keki, unakatwa vipande virefu kama kashata, kisha unapakwa shira juu. Nami nikajisemea, hii nitaipika kwa Bibi. Bibi ndiye aliyenifundisha kula maandazi, nami nikamfundishe donati!

Kiburi cha msomi hicho. Subirini.

Bibi anauza maandazi Saza tangu kabla Mama hajazaliwa. Wateja wake ni wachimbaji wadogo na vijana wa makarasha, wale wanaosaga mawe ya dhahabu. Nilipomwambia nahitaji oveni, hakunijibu. Aliingia stoo akatoka na debe kuukuu, limelazwa ubavu, upande mmoja limekatwa likawekewa mlango wa bati.

"Mume wangu," akaniambia (wale mliolelewa na bibi zenu mnaujua utani huu), "hili alilifanyiza baba yangu."

Hapo ndipo likizo yangu ilipogeuka kazi.

Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu miaka ya 1920, lakini mbio zenyewe zilikolea miaka ya 1930. Sababu yake haikuwa Chunya wala Saza. Dunia ilikuwa katika mdororo wa uchumi, Uingereza ikaachana na kiwango cha dhahabu mwaka 1931, Marekani nayo ikapandisha bei ya dhahabu hadi dola 35 kwa wakia mwaka 1934. Shamba la kahawa likawa halilipi, shimo likawa linalipa. Walowezi waliofilisika wakaja na makarai yao, na maelfu ya Waafrika wakaja kuwachimbia. Mji wa Mbeya ulikua kwa ajili ya kuwahudumia watu hao. Wakulima wa Rungwe wakapata soko la mchele, maana huku porini kila tumbo lilitegemea chakula cha kuletwa. Mwaka 1939 ukaanza mgodi wa New Saza, ambao pamoja na Geita ukawa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Tanganyika, mpaka ulipofungwa mwaka 1956.

Baba yake Bibi hakuwa mchimbaji. Alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mgodini. Mzungu alitaka mkate kila asubuhi na keki siku ya Jumapili, na oveni hakuna. Wapishi wakatumia akili: debe la mafuta ya taa, mkaa chini, mkaa juu. Mkate ukaiva. Bibi anasema yeye na nduguze waliujua mkate kwa harufu miaka mingi kabla hawajaujua kwa ladha, kwa sababu baba yao aliuoka kila siku na hakuruhusiwa kurudi nao nyumbani. Mgodi ulipofungwa Mzungu aliondoka. Debe likabaki.

Na andazi je? Wengi wetu tunadhani andazi ni mtoto maskini wa donati. Hebu litazameni neno lenyewe. Linatokana na kuandaa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno andaa kuwa ni kutayarisha chakula, hasa mapishi yale ya ufundi, ya vitu vitamu vya unga. Maana yake watu wa pwani walikuwa na maandazi yao na mabingwa wa kuyapika zamani sana, bila kumsubiri mtu wa donati. Wamarekani wao wanasimulia kwamba tundu la donati lilibuniwa na baharia Hanson Gregory mwaka 1847. Sawa, tundu tumewaachia.

Tukawasha mkaa. Nikachanganya vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, na nusu kijiko cha kungumanga iliyokunwa, maana kungumanga ndiyo inayoleta ile harufu ya donati. Pembeni mayai mawili, kikombe cha maziwa ya mtindi na theluthi ya kikombe ya siagi iliyoyeyushwa. Halafu sukari. Niliimimina kwa mikogo ya wapishi wa televisheni, nyingine ikamwagika chini.

Bibi alipiga magoti. Akaizoa ile sukari kwa kiganja, punje kwa punje, akaiweka kwenye kisosi. Nikamwambia, "Bibi, acha bwana, sukari ipo." Akasema, "Hata mwaka ule tulisema ipo."

Mwaka ule ni 1983. Sisi tuliozaliwa baadaye tunausoma darasani kwa mistari miwili: vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikomba hazina, mafuta yakapanda bei, fedha za kigeni zikaisha, sukari, sabuni na unga vikaadimika. Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria ya mwaka ule iliunda baraza maalumu la kuwahukumu watuhumiwa, bila dhamana na bila wakili. Walengwa walikuwa walanguzi wakubwa, na wengi wetu hadi leo tunamkumbuka Sokoine kwa heshima. Lakini hofu ilipofika vijijini haikuchagua mkubwa na mdogo. Watu walitupa mali usiku, vichakani na mitoni, wasikutwe nayo.

Bibi alikuwa na kilo kumi na mbili za sukari na nusu gunia la ngano. Alikuwa ameikusanya sukari kilo moja moja kwa miezi, nyingine kutoka upande wa Zambia kupitia Tunduma. Ulikuwa mtaji wake wote. Mtu akamnong'oneza kwamba ametajwa. Usiku ule ule aliibeba sukari hadi kwenye duara la zamani lililoachwa, akaimwaga. Hakuna aliyekuja kumpekua. Wala siku ya pili, wala mwezi uliofuata.

Mwaka ule hakupika maandazi. Mama yangu, aliyekuwa binti mdogo, alipelekwa Tunduma kwa ndugu, kusaidia kazi za ndani. Hakurudi Saza wala darasani. Ndiyo maana mimi nimezaliwa Tunduma. Miaka yote nilikuwa nadhani ni kwa sababu Mama alipenda mji.

Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1984, na mwaka huo huo serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Sukari ikarudi madukani, Bibi akaanza upya kwa mkopo wa unga.

Na ule unga? Hapo nikakumbuka kichupa changu. Kanada hiyo hiyo ya shira ndiyo iliyogharimia mashamba makubwa ya ngano kule Hanang, tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashamba saba, kila moja lina ekari 10,000, chini ya shirika la NAFCO. Mkate wa mjini ulipata ngano, lakini Wabarbaig walipoteza malisho yao bora. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Kwa hiyo tukila kipande cha mkate wa enzi zile tukumbuke kuna mtu aliyehamishiwa ng'ombe wake.

Turudi jikoni. Sinia la kwanza niliunguza upande wa chini. Bibi akanisogeza: mkaa mwingi unakaa juu, wa chini unaachwa umelegea. La pili likaiva kwa kama dakika ishirini na tano, rangi ya kahawia nzuri. Shira ya meipo ilitosha nusu sinia tu. Nusu nyingine tukachemsha asali ya msituni na siagi na maziwa kidogo, tukaongeza sukari iliyotwangwa laini kinuni, tukapaka ingali ya moto. Niseme ukweli: ya asali ilishinda.

Asubuhi Bibi aliweka vipande kumi kwenye ndoo ya maandazi. Vikanunuliwa vinne. Kijana mmoja wa karasha aliuliza kwa nini andazi hili halina mafuta. Sita tukala wenyewe na chai.

Tangu mgodi wa New Luika uanze kutoa dhahabu mwaka 2012, magazeti, langu likiwemo, yameandika sana wakia za wilaya hii. Nami nimeziandika. Sijawahi kuandika nani aliyewalisha wachimbaji.

Jioni nilimpigia Mama simu Tunduma, nikamwuliza kuhusu ile sukari. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Nilidhani bibi yako ameshasahau."

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.