Siri ya Safura Ilivyofunuliwa

Mnyoo wa safura aligunduliwa na Dubini, tabibu wa Milan, mwaka 1838. Mwaka 1880 alionekana kwa watu waliotoboa mlima Gotthard, Uswisi, ili kupitisha reli. Wengi walidhoofu kwa kupungukiwa na damu. Lakini huingiaje mwilini? Ilidhaniwa ni kwa kinywa tu. Kumbe sivyo! Kabla ya mwaka 1898 kwisha, huko Cairo, Mjerumani Looss alidondokewa mkononi na maji yenye vinyoo vichanga. Ngozi ikamwasha, baadaye mayai yakaonekana katika choo chake. Mayai hayo huanguliwa katika udongo wenye unyevu, na vinyoo hupenya nyayo tupu. Basi tuchimbe vyoo, tuvae viatu. Anayejisaidia kichakani humdhuru jirani yake.