Mashine ya zege ya pipa, jitengenezee

Wadau wa Songea, unajenga Lizaboni au Bombambili, zege lenyewe la sakafu ya bafu tu. Kukodi mashine ni hasara, koleo linavunja mgongo. Tumia pipa la lita 200.

Angalizo kwanza: usichukue pipa lililobeba petroli au dizeli! Hata likiwa tupu mvuke umebaki, fundi akianza kuchomelea linaweza kulipuka na kuua. Tafuta lililokuwa la maji.

Kata mlango ubavuni, weka komeo na mpira wa tyubu lisivuje. Kisha pitisha bomba la chuma kimshazari, toka ukingo wa juu hadi ukingo wa chini upande wa pili, lichomelewe. Hapo ndo siri ilipo: likizunguka, mzigo unamwagika huku na huku. Liegeshe kwenye nguzo 2 zenye panda, weka na mkono wa kuzungushia.

Vipimo kwa kopo la lita 5: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji lita 3 na nusu, yakizidi zege linakuwa dhaifu. Zungusha taratibu mpaka rangi iwe moja. Vaa glavu, saruji mbichi inaunguza ngozi. Ukimaliza osha pipa hapohapo.

Haya, kazi kwenu!