Nyota ya Burma

Msomaji, ukibahatika kuishika Nyota ya Burma, igeuze. Mbele pana taji na herufi za Mfalme George wa Sita. Nyuma ni shaba tupu ya manjano, wala haikuandikwa jina la mtu. Jemadari na askari mdogo wa K.A.R., waliopigana Burma mwaka 1944, walipewa nyota ile ile yenye pembe sita, na utepe ule ule wa buluu na nyekundu, wenye michirizi ya rangi ya machungwa, mfano wa jua. Hapo haki ilitendeka. Katika ardhi haikutendeka: mwaka 1919 serikali ilianza kuwagawia askari wa Kizungu mashamba ya Trans-Nzoia, kandokando ya Kitale. Mbukusu wa Bungoma, aliyerudi vitani na nyota yake, hakupata njia ya kuyaingia mashamba hayo ila ile ya kibarua.