Akili Mnemba na Ulinzi wa Bahari Yetu

Akili mnemba ni programu ya kompyuta inayofundishwa kwa mifano mingi hadi itambue jambo yenyewe. Baharini husoma picha za rada za setilaiti, zinazopenya mawingu na giza, ikatafuta meli zisizojitangaza mahali zilipo. Mwaka 2024, utafiti ulioongozwa na Global Fishing Watch ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya meli kubwa za uvuvi duniani hazionekani kwenye mifumo ya wazi ya ufuatiliaji. Si zote zinazoiba. Lakini samaki ndiyo riziki ya mvuvi wetu wa ngalawa, na nionavyo mimi, mashine hufichua tu, haikamati. Bila boti za doria na sheria kutekelezwa, tutabaki kuhesabu meli huku samaki wakiisha.