Kuta za Zimbabwe na Mapambano ya Kuandika Historia

Katika madarasa ya siasa swali moja hurudi mara kwa mara: kuchimbua magofu kunamfaa nini mkulima anayehitaji mbolea na maji? Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumkejeli aliyeuliza. Jibu lake limo katika kuta za mawe za Great Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo. Pale, kwa muda wa miaka 90, swali la nani alijenga, na alijenga lini, lilikuwa ndilo swali la nani ana haki ya kumiliki ardhi.

Ukuta wa nje wa jengo kubwa kuliko yote una mzunguko wa kiasi cha meta 250, na mahali pengine unafikia kimo cha meta 11. Mawe yake ni ya itale, yamepangwa moja juu ya jingine bila chokaa wala saruji. Kazi hiyo ni ya mababu wa Washona wa leo, na mji ule ulistawi kati ya karne ya 11 na ya 15.

Uongo na kazi yake

Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alifika katika magofu hayo. Alikata kipande cha mti uliowekwa mlangoni, akaona kinafanana na mti wa penseli yake, basi akatangaza kwamba ni mwerezi wa Lebanoni na kwamba jengo lilihusiana na Malkia wa Sheba. Penseli ikawa ushahidi!

Mtu anaweza kucheka. Lakini mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes iliingiza walowezi nchini, na mwaka uliofuata Theodore Bent akaja kuchimba kwa msaada wa kampuni hiyohiyo. Naye pia akatafuta wajenzi wa kigeni. Faida ya uongo huo ilikuwa dhahiri. Ikiwa wageni wa kale ndio walioleta ustaarabu, basi Mwafrika hana alichojenga, na mlowezi hanyang'anyi ardhi ya mtu. Anarejea tu mahali pa waliomtangulia. Ubeberu haukutosheka kuiba ardhi. Ulihitaji pia hati ya kuonyesha kwamba ardhi haikuwa na mwenyewe.

Udongo ni shahidi

Hapa ni lazima tuelewe mtaalamu wa mambo ya kale anavyofanya kazi. Udongo wa gofu umelala kwa matabaka: lililo chini limetangulia, lililo juu limefuata. Kigae kilichokutwa chini ya sakafu hakiwezi kuwa kimeingia baada ya sakafu hiyo kujengwa. Kwa hiyo anayefukua bila kuandika anachana kurasa za kitabu ambacho hakina nakala.

Ndivyo ilivyotendeka. Mwaka 1895 iliundwa kampuni mahsusi ya kutafuta dhahabu katika magofu ya nchi hiyo. Kisha Richard Hall, aliyekabidhiwa kuitunza Great Zimbabwe kuanzia 1902 hadi 1904, aliondoa matabaka mazito ya udongo akiyahesabu kuwa ni uchafu wa Waafrika. Alichokiita uchafu ndicho kilichokuwa ushahidi.

Hata hivyo ukweli haukufukiwa wote. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba, akasema kwamba majengo ni ya Waafrika na kwamba hayana maelfu ya miaka. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson alitafuta sehemu ambazo hazijavurugwa. Alikuta vyungu vya kienyeji pamoja na shanga na vigae kutoka ng'ambo ambavyo umri wake ulijulikana, akathibitisha hukumu ileile. Walowezi walikasirika, lakini hawakuwa na hoja.

Baadaye ikaja njia ya kupima kaboni. Kila kiumbe hai huingiza kaboni mwilini. Kikifa, ile yenye mnururisho hupungua kwa kadiri inayojulikana, nusu yake ikiisha katika miaka 5,730 hivi. Katika miaka ya 1950 mbao za ukutani zilipopimwa zilitoa umri mkubwa mno kuliko ulivyotazamiwa, na wapenzi wa Malkia wa Sheba wakafurahi. Lakini mbao hizo zilikuwa za mti wa nchi ileile, unaoishi muda mrefu na usiooza upesi. Kipimo kilieleza mti ulikua lini. Hakikueleza ukuta ulijengwa lini. Vipimo vilivyofuata viliondoa utata huo. Fundisho ni kwamba tarakimu peke yake haisemi kitu mpaka ihojiwe pamoja na mashahidi wengine.

Utawala wa Ian Smith, uliojitangazia uhuru mwaka 1965, haukutaka kuhoji. Uliwabana wataalamu wasiseme wazi kwamba Waafrika ndio waliojenga. Peter Garlake, aliyekuwa mkaguzi wa magofu, alikataa kupinda ukweli, akaiacha kazi mwaka 1970. Wakati huo wapigania uhuru walikwisha kulichukua jina la kuta hizo kuwa jina la nchi. Vijana waliofanya mazoezi Mgagao, Iringa, walilibeba, na tarehe 18 Aprili 1980 likawa jina la taifa huru.

Wajibu wetu

Tusije tukaondoa hekaya moja na kuweka nyingine. Kuta zile ziliwatenga watawala na umma. Ndani yake walikaa wachache. Nje, katika nyumba za udongo zilizosongamana, walikaa wafugaji, wakulima na mafundi ambao jasho lao ndilo lililoinua mawe. Heshima ya kwanza ni yao.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Katika magofu yale ilipatikana sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Dhahabu ya bara ilipitia Sofala hadi kwetu, na Kilwa ikajenga kwa utajiri huo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, kwa kuliwa na mawimbi na kubomoka. Yaliondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati. Lakini bahari haijui orodha, haina likizo.

Kwa hiyo mkulima aliyeuliza swali ajibiwe hivi: shamba lako lililindwa na mpaka, na mpaka wa taifa hulindwa pia na ushahidi kwamba tulikuwapo na tulijenga. Anayeng'oa jiwe la gofu kwenda kujengea jiko, na ofisa anayemzuia kwa uzio bila kumweleza sababu, wote wawili wanapunguza ushahidi huo. Hifadhi itakayodumu ni ile inayomfanya jirani wa gofu awe mlinzi wake, fundi wake na mnufaika wake wa kwanza.